Mama, Mtoto na Kichala cha Zabibu: Picha ya Masaccio ya Mwaka 1426

Kazi ya kurasa hizi ni kuchungua maneno na desturi, na huenda msomaji akauliza picha ina neno gani humu. Jibu letu ni kwamba picha nayo ni usemi, ila yasema kwa mstari na rangi badala ya sauti. Na mtu asiyejifunza kuisoma aweza kuisoma kinyume, kama mgeni asikiaye methali akayafahamu maneno yote asiifahamu maana. Iko picha moja ambayo twaona imesomwa kinyume mara nyingi, hata na watu wa dini wenye nia njema. Ni picha ya Bikira Maria na Mtoto aliyoichora Masaccio wa Florence mwaka 1426, ambayo leo imo katika National Gallery ya London. Nakala zake hupatikana katika vitabu vingi, na kila walimu wanapozipitia nakala hizo ili kuchagua picha za kuwaonyesha watoto wa mafundisho, hii huwekwa kando upesi. Twataka kueleza kwa nini huwekwa kando, na kwa nini twaona si haki.

Lawama zenyewe si nyingi. Husemwa ya kwamba Mama huyu si mzuri wa sura, tena ni mzito kama jiwe la msingi, wala hatabasamu. Husemwa ya kwamba Mtoto yu uchi kabisa, naye ametia vidole kinywani kama mtoto ye yote wa jirani, jambo lisilomfaa Mfalme wa mbingu. Na husemwa kwamba picha yote ina huzuni, ilhali kuzaliwa kwa Bwana ni habari ya furaha. Lawama hizi zote zina ukweli ndani yake, kwa maana ndivyo picha ilivyo. Hatutaki kuwaambia wasomaji kwamba hawaoni wanachokiona. Twataka kuuliza kwa nini fundi alichora hivyo, naye alikuwa akiweza kuchora vinginevyo.

Fundi huyu alizaliwa tarehe 21 Desemba mwaka 1401 huko San Giovanni Valdarno, kijiji kikubwa kilicho juu ya mto Arno. Siku hiyo zamani ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, basi akaitwa Tommaso. Masaccio ni jina la utani, la kumtaja Tomaso kwa namna ya ubaya au ya uzembe, na yasemekana alipewa si kwa kuwa mbaya wa tabia bali kwa kuwa hakujali mavazi yake wala mali yake, moyo wake wote umo kazini. (Desturi ya kumpa mtu jina la mzaha likamshika hata kaburini haihitaji kuelezwa kwa watu wa kwetu.) Alifariki Roma mwaka 1428, akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Kwa hiyo kazi zake zote za maana zilifanywa katika muda wa miaka sita au saba, na hii tuinenayo aliianza akiwa na miaka 24.

Aliyemwagiza alikuwa mwandishi wa hati wa mji wa Pisa, jina lake Giuliano di Colino degli Scarsi, aliyejenga kikanisa chake katika kanisa la Watawa Wakarmeli, Santa Maria del Carmine. Mapatano yalifanywa tarehe 19 Februari 1426, bei ikiwa florini 80, na malipo ya mwisho yaliandikwa tarehe 26 Desemba mwaka ule ule. Haya twayajua kwa sababu mwagizaji alikuwa mtu wa hati, akaandika kila senti iliyotoka. Yafaa pia kukumbuka kwamba Pisa ilikuwa imetwaliwa na Florence mwaka 1406, yaani miaka 20 tu kabla yake. Watu wazima waliopiga magoti mbele ya picha hii waliikumbuka njaa ya kuzingirwa kwa mji wao, na fundi aliyewachorea alitoka katika mji uliowashinda. Hatusemi kwamba huzuni ya Mama inatokana na jambo hilo. Twasema tu kwamba watu wale hawakuwa watu wa kudanganywa kwa uso wa sukari.

Sasa tuitazame picha. Ni ubao wenye urefu wa sentimita 135 hivi na upana wa sentimita 73 na nusu, uliochorwa kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, na nyuma yake imebandikwa dhahabu. Picha imechakaa mahali pengi. Katikati ameketi Mama katika kiti cha enzi cha mawe, kikubwa kama nyumba. Joho lake ni la buluu, ile buluu ya thamani iliyosagwa katika jiwe lililochimbwa Badakhshan, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, nalo laanguka kwa mikunjo mipana kutoka kichwani hata miguuni. Magoti yake yamejitokeza mbele, nawe waona wazi kwamba chini ya nguo kuna mwili ulioketi. Malaika wawili wako nyuma, ubavuni mwa kiti, na wawili wameketi chini mbele, wakipiga vinanda. Mtoto yupo magotini pa Mama, naye Mama anamshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamnyoshea kichala cha zabibu. Mtoto amekwisha kuchuma. Mkono mmoja uko katika zabibu, na vidole vya mkono wa pili vimo kinywani.

Hapa twaomba ruhusa kuingia katika maneno, kwa maana Kiswahili chatusaidia kuliko lugha nyingine tunazozijua. Wazungu wengi wakiieleza picha ya namna hii husema tu kwamba Mama amemshika au amembeba Mtoto. Lakini sisi tuna maneno mengi ya kazi hii, na kila moja lina mahali pake. Mama aweza kumbeba mtoto kwa mbeleko mgongoni. Aweza kumweleka ubavuni, mguu mmoja huku na mwingine huku. Aweza kumkumbatia kifuani. Aweza kumpakata, yaani kumweka mapajani akamzungushia mkono, uzito wote wa mtoto ukawa juu ya mama aliyeketi. Neno la mwisho ndilo lifaalo hapa wala hakuna jingine. Na tukiisha kulipata neno, twaona mara moja tofauti baina ya picha hii na zile zilizotangulia.

Katika picha za kale za Kiyunani, ambazo Wataliani walizifuata kwa muda wa miaka mingi, Mama hampakati Mtoto. Anamwonyesha. Mtoto ameketi mkononi mwake wima kama mfalme mdogo, amevaa kanzu, ana hati mkononi, na Mama amwelekezea kiganja kana kwamba asema huyu ndiye njia. Mtoto wa picha zile hana uzito. Ukimwondolea Mama mkono, yaelekea atabaki pale pale hewani. Giotto alianza kulibadili jambo hili. Katika picha yake kubwa ya kanisa la Ognissanti, iliyochorwa mwaka 1310 hivi na iliyomo sasa katika Uffizi ya Florence, Mama ameketi kweli kweli na Mtoto ana mwili. Walakini hata kwa Giotto Mtoto amevaa kanzu, na mkono wake wa kuume umeinuka kubariki, vidole viwili vimenyoka kama vya askofu. Masaccio aliivua kanzu. Na vile vidole, ambavyo katika picha nyingi za nyuma vilibariki, hapa vimetiwa kinywani.

Je, ni utovu wa adabu? Twasema sivyo. Kanisa lafundisha kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili wa kweli, si mfano wa mwili wala vazi la mwili. Wako watu zamani waliokana jambo hili, wakasema Kristo alionekana tu kama mtu, Kanisa likawakatalia. Basi mtoto mwenye mwili wa kweli huzaliwa uchi, huona njaa, hunyonya vidole, humlemea mama yake. Fundi aliyemchora hivi hakumshusha Bwana. Aliyasadiki mafundisho kuliko wale wanaomfunika kwa haya. Twaongeza kwamba mtu asiyeona haya kusema katika sala kwamba Bwana alizaliwa na mwanamke, kisha akaona haya kuutazama mwili aliozaliwa nao, ana neno la kujiuliza.

Tuje kwenye zabibu. Neno hili kwa watu wengi wa pwani lilikuwa jina la tunda kavu la kutiwa katika wali wa sikukuu, kabla halijawa jina la tunda bichi, na wasomaji wa Maandiko walioko mbali na mashamba ya mizabibu hulisoma neno bila kuliona tunda. (Watu wa Dodoma wana bahati kuliko sisi.) Hapa ni tunda bichi, na maana yake haihitaji kutafutwa mbali. Zabibu ni divai, na divai katika altare ni damu. Picha hii haikuchorwa ili itundikwe sebuleni. Ilisimama juu ya altare, na chini yake, hatua chache, padre aliinua kikombe. Basi tazama anachokifanya Mama: anamlisha Mtoto wake tunda lililo alama ya kifo chake. Mtoto halijui, au aonekana kama mtoto asiyejua. Anakula kwa uroho wa kitoto. Mama analijua. Ndiyo sababu hatabasamu. Mtu akitaka atabasamu, na amwambie fundi aondoe zabibu kwanza.

Walimu wa Kanisa wa zamani walikuwa na fumbo jingine la tunda hili. Walikisoma kile kichala cha zabibu ambacho wapelelezi wa Musa walikileta kutoka Kanaani, kimechukuliwa mtini na watu wawili, wakakiona kuwa mfano wa Kristo aliyetundikwa katika mti. Wakarmeli wa Pisa, watu wa kusoma, hawakukosa kulijua hilo.

Kiti nacho kina maneno yake. Nguzo zake ni ndogo, zimepangwa safu juu ya safu, na vichwa vyake vimechongwa kwa taratibu tatu za Warumi wa kale, ambazo ndipo tu mafundi wa Florence walipokuwa wakizifufua. Hili hutajwa na kila mwandishi, nasi twalipita. Lililo kubwa zaidi liko chini, katika kipandio. Pale mawe yamechongwa mistari ya mawimbi iliyopindapinda, mmoja karibu na mwingine. Nakshi hiyo haikuwa ya viti. Ilikuwa nakshi ya majeneza ya mawe ya Warumi, na Pisa ilikuwa na majeneza mengi ya namna hiyo, kwa kuwa wakuu wa mji walipenda kuzikwa katika majeneza ya kale. Mpaka leo yako mengi katika Camposanto, makaburi yaliyo kando ya kanisa kuu. Mtu wa Pisa alipoona kipandio kile hakuhitaji mfasiri. Mama amepakata Mtoto juu ya kaburi.

Na juu je? Hapa ndipo palipo dhuluma kubwa iliyofanyiwa picha hii, nayo haikufanywa na waliolaumu. Ubao ulioko London haukuwa picha nzima. Ulikuwa kiini cha kazi kubwa yenye mbao nyingi: watakatifu wanne kando, watakatifu wadogo, picha ndogo za habari chini, na picha nyingine juu. Giorgio Vasari, aliyetoa kitabu chake cha maisha ya mafundi mara ya kwanza mwaka 1550 na mara ya pili mwaka 1568, aliiona ikiwa bado kanisani, akaieleza. Baadaye kikanisa kilibadilishwa, kazi ikavunjwa, na mbao zake zikatawanyika kama mali ya marehemu asiye na warithi wa kupatana. Leo zajulikana mbao 11. Saba ziko Berlin, na miongoni mwa hizo ni ile ya Mamajusi wakija kumsujudia Mtoto na farasi wao. Mtakatifu Paulo ndiye peke yake aliyebaki Pisa. Mtakatifu Andrea amefika Los Angeles. Na Kristo Msalabani yuko Naples, katika jumba la Capodimonte. Ubao wa Mama ulikuwa umefika Uingereza, ukanunuliwa kwa ajili ya National Gallery mwaka 1916.

Ule ubao wa Naples ndio uliokaa juu ya Mama. Katika huo Kristo ametundikwa, Maria na Yohane wamesimama huku na huku, na Maria Magdalena amepiga magoti chini ya msalaba, ametupa kisogo, joho lake jekundu kama moto, mikono imeinuliwa juu. Basi mtu aliyepiga magoti Pisa aliinua macho kutoka kaburini hata kwa Mama, kutoka kwa Mama hata kwa zabibu, kutoka kwa zabibu hata msalabani, katika mstari mmoja ulionyoka. Mwanawe yuko mara mbili: magotini na mtini. Sisi leo twapewa nusu ya sentensi, kisha twauliza kwa nini haina furaha. Kuiona picha hii peke yake ni kama kusikia mtu akisema "ijapokuwa" kisha mlango ukafungwa.

Tumesema sana juu ya maana. Lakini kama maana ingekuwa ndiyo yote, fundi ye yote mwenye kufundishwa na watawa angaliweza kuichora. Lililo lake Masaccio ni nuru. Katika picha za waliomtangulia nuru yaenea kila mahali sawasawa, kama katika ndoto. Hapa nuru yatoka upande mmoja, kushoto kwetu sisi watazamaji, kana kwamba kuna dirisha huko. Yaangukia mwili wa Mtoto na magoti ya Mama, na upande wa pili ni kivuli. Kivuli ndicho kimpacho Mama uzito ule unaolaumiwa. Kitu kisicho na kivuli hakina mahali. Kitu chenye kivuli kiko hapa, nasi tuko mbele yake. Tena fundi alifuata kanuni ya umbali, ambayo rafiki yake Brunelleschi aliivumbua Florence na ambayo Leon Battista Alberti aliiandika kitabuni mwaka 1435, miaka tisa baada ya picha hii, akimtaja Masaccio kwa jina miongoni mwa mafundi wakubwa. Kwa kanuni hiyo mistari ya kiti yote yaenda ndani kwa utaratibu mmoja, na vinanda vya malaika wa mbele vyaonekana kuelekea kwetu, shingo yake imefupishwa.

Jambo moja dogo latupendeza sana. Duara la nuru la kichwani mwa Mtoto halikuchorwa kama sahani iliyobandikwa nyuma ya kichwa, kama ilivyokuwa desturi. Limelazwa, kama sahani iliyoshikwa kwa mkono ikatazamwa kwa ubavu, kwa sababu kichwa cha Mtoto kimegeuka, nalo lamfuata. Yaani fundi aliuliza: kama utukufu ni kitu kilichopo, ungekaaje? Na akajibu kwa vipimo. Lakini duara la Mama limebaki bapa na mviringo kamili kwa namna ya zamani. Wako wanaoliona hili kuwa hekima; sisi twaliona kuwa fundi alikuwa njia panda.

Na kweli hapa ndipo tunapoona kasoro ya picha, wala hatutaificha kwa ajili ya kuitetea. Dhahabu ya nyuma haipatani na kiti. Kiti chasema kuna nafasi, kuna mbele na nyuma, mtu aweza kuzunguka. Dhahabu yasema hakuna nyuma, kuna ukuta unaong'aa tu. Wale malaika wawili wa nyuma wamebanwa katikati ya semi hizi mbili, hawajui wasimame wapi, na nyuso zao hazina nguvu kama za wenzao wa mbele. Twadhani dhahabu ilitakiwa na desturi ya altare na fahari ya mwagizaji. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1425, Gentile da Fabriano alikuwa amemaliza Florence picha ya Mama na Mtoto kwa ajili ya jamaa ya Quaratesi, nayo leo yaonyeshwa katika National Gallery hiyo hiyo. Kwa Gentile dhahabu imo nyumbani mwake: nguo zina maua ya dhahabu, kila kitu kimefumwa na kutarizwa, nawe wafurahi kama mtu aliyeingia duka la vitambaa siku ya sikukuu. Ni kazi nzuri, na mtu akiipenda zaidi hatutagombana naye. Ila kwa Gentile twakumbuka nguo, na kwa Masaccio twakumbuka goti.

Turudi kwa malaika wa mbele, maana hawa wawili ni furaha ya picha, kwa yule asemaye haina furaha. Vasari aliwaona akawasifu, hasa mmoja ambaye, asema, ametega sikio akisikiliza kwa makini sauti ya kinanda chake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa kila mpigaji wa kweli: hawatazami wasikilizaji. Na kinanda chenyewe si kigeni kwetu. Ni ndugu wa udi. Kinanda hiki kilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, na jina lake katika lugha za Ulaya latokana na neno lile lile la Kiarabu tunalolitumia sisi. Aliyesikia taarabu ya Unguja amemsikia jamaa yake. Hivyo watu wa Pisa waliwapa malaika wa Kikristo kinanda walichofundishwa na Waislamu, wala hawakuona neno.

Si kinanda tu. Masaccio alichora picha nyingine ya Mama na Mtoto, iliyo ya kwanza miongoni mwa kazi zake zenye tarehe, ya mwaka 1422, kwa kanisa la San Giovenale, nayo ilisahauliwa hata mwaka 1961 ilipotambuliwa kuwa yake. Sasa imo Cascia di Reggello. Huko pia Mtoto yu uchi, ana zabibu, na vidole vimo kinywani; kumbe wazo la Pisa lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Lakini duara la nuru la Mama limenakshiwa kwa alama zinazofanana na herufi za Kiarabu. Wako waliodai kwamba ni shahada ya Kiislamu imeandikwa kinyume, na dai hilo limebishaniwa. Sisi tuliozoea kuona Kiswahili kikiandikwa kwa herufi hizo twajua jinsi mkono wa asiyezijua unavyoziiga: huchukua mapindo yake akaacha sauti. Nakshi za namna hiyo zilikuwa nyingi katika picha za Italia wakati ule, kwa sababu vitambaa vya thamani vilitoka Mashariki vikiwa na maandishi pindoni, na fundi aliyetaka kumvika Mama heshima alimvika maandishi. Msomaji na apime mwenyewe. Kwetu sisi hilo latosha.

Limebaki neno sanamu. Katika Kiswahili cha zamani neno hili lilitumika kwa kinyago na kwa picha pia, na kwa kuwa wafasiri wa Maandiko walilichukua kwa miungu ya uongo, limeharibika. Mtu akiita picha hii sanamu, amekwisha kuihukumu kabla hajaitazama, na wenzetu Waislamu na ndugu zetu wa madhehebu mengine huuliza, kwa haki, kama twaiabudu. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulijibu kwamba heshima ipewayo picha hupita ikamfikia yule aliyechorwa. Jibu ni zuri, lakini twaona picha zenyewe hazilitimizi sawasawa. Ziko picha za Mama zilizopigwa chapa kwa maelfu, mashavu ya waridi, macho yameinuliwa, mikono laini isiyopata kuinua hata ndoo. Katika picha hizo heshima haipiti, yakwama katika uzuri wa uso. Mwanamke aliyezika mtoto hawezi kumwambia neno Mama wa namna ile. Kwa Mama wa Pisa hakuna uzuri wa kumzuia mtu njiani. Uso umechakaa kwa miaka, na hata ulipokuwa mpya haukuchorwa ili kupendeza. Waupita, wayaona magoti, wamwona Mtoto, wazifikia zabibu.

Kwa hiyo walimu watakaokubali hoja yetu, wakatafuta nakala ya picha hii kwa darasa, twawashauri wasiitundike peke yake. Na waitafute pia nakala ya Msalaba wa Naples, waitundike juu ya hii, tena juu kabisa, karibu na dari. Mtoto atakayeutazama ubao ule kitabuni, kwa usawa wa macho, atauliza mbona Kristo hana shingo, kichwa kimezama kifuani. Hakuna kosa. Fundi alijua kwamba watu watakuwa chini, wamepiga magoti, na mtu atazamaye kutoka chini haioni shingo ya aliyeinamisha kichwa.